Manufaa ya kuta za zege, na masharti yake

KUTA za zege, yaani mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji, zina manufaa mengi kwa wanaojenga Mowlem na mitaa mingine ya mashariki mwa Nairobi, ambako nyumba zimesongamana. Haziwaki moto wala kuliwa na mchwa, na huzuia kelele, upepo na vumbi kuliko mabati.

Hata hivyo, uimara wake hutegemea kazi ya fundi. Zege hustahimili kubanwa na uzito lakini ni dhaifu inapovutwa. Ndiyo maana hutiwa vyuma. Maji yakizidi katika mchanganyiko, nguvu hupungua. Ikishamiminwa, hunyunyiziwa maji kwa angalau siku 7, na nguvu zake hupimwa baada ya siku 28. Msingi nao upite udongo mweusi, ambao hufura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi.

Jengo lililoporomoka karibu na mto mtaani Huruma mnamo Aprili 29, 2016, na kuua watu zaidi ya 50, halikuwa kibanda cha mabati. Lilikuwa la orofa. Anayekusudia kujenga amtafute mhandisi aliyesajiliwa kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji.