Nyumba Mbili na Wikio Moja

Mwanafunzi wa Kiswahili hapa Gisenyi akikutana na neno "daka" kitabuni, aghalabu hudhani kwamba ni kitenzi kinachohusu kudaka mpira. Hatumlaumu. Nyumba anazoziona kando ya Ziwa Kivu ni za namna nyingine: misingi ya amakoro, yaani mawe meusi ya volkano, paa la bati, na madirisha yanayotazama njia. Daka alisomalo ni sehemu ya nyumba ya mawe ya Lamu, pwani ya kaskazini ya Kenya. Makala haya yanakusudia kuieleza nyumba hiyo kwa walimu wenzetu wa bara, na hasa jozi ya nyumba zilizounganishwa kwa wikio, maana historia ya jengo na historia ya msamiati wake ni vitu visivyotengana.

Nyumba nyingi za mawe zilizosalia Lamu zilijengwa tangu karne ya 18, na zimesongamana zaidi upande wa Mkomani. Fundi alichukua kila kitu kutoka baharini na ukingoni mwake. Kuta nene ni za mawe ya matumbawe, chokaa ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo, na dari ilibebwa na boriti za mikoko. Boriti ndiyo iliyotoa amri juu ya umbo la nyumba. Kwa kuwa haivuki kwa usalama nafasi ipitayo kiasi cha mita 3, chumba kiliweza kuwa kirefu kama mwenyewe alivyotaka, lakini hakikuweza kuwa kipana. Ndiyo sababu vyumba vya Lamu ni vyembamba, tena vimepangwa sambamba, kimoja nyuma ya kingine.

Mgeni afikapo hukuta kwanza daka, nalo ni kipenu chenye viti vya mawe mbele ya mlango mkuu. Hapo mwenye nyumba huzungumza na wapita njia bila kumwingiza mtu ndani. Nyuma ya mlango ipo tekani, kisha njia hupinda ili jicho la mtu wa nje lisifike kiwandani, yaani uani, ambako mwanga na hewa huingia. Kutoka kiwandani huanza msana wa tini, ukafuatwa na msana wa yuu, kisha ndani, chumba cha faragha cha wenye nyumba. Katika kuta za ndani mafundi walichonga zidaka, safu juu ya safu, zilizowekwa vyombo vya kauri kutoka ng'ambo. Nyuma kabisa ni nyumba ya kati, ambako mama alijifungulia na maiti alioshewa. Basi mtu alipokuwa akitoka njiani kwenda ndani, alikuwa akitoka kwenye mambo ya watu wote kwenda kwenye siri za uhai na mauti.

Mwalimu mwangalifu ataona kwamba majina haya ni somo zima la lahaja. Kiamu husema "tini" pale Kiswahili sanifu kisemapo "chini", na "yuu" badala ya "juu". "Zidaka" nazo ndizo "vidaka". Mwanafunzi aliyechorewa ramani ya nyumba ubaoni ataikumbuka tofauti hiyo kuliko yule aliyepewa orodha ya maneno peke yake.

Sasa tuje kwenye wikio. Baba wa Lamu mwenye uwezo alipomwoza binti yake, desturi ilimtaka ampatie mahali pa kukaa, kwani mume ndiye aliyehamia kwa mke. Baba aliongeza ghorofa juu ya nyumba yake au alijenga nyumba ya jirani. Ikiwa nyumba hiyo ilikuwa ng'ambo ya njia, kilijengwa chumba juu ya njia yenyewe, boriti zake zikilala ukuta huu na ukuta ule. Hilo ndilo wikio. Chini yake punda walipita na mizigo. Juu yake mama na binti waliamkiana na kusaidiana bila kukanyaga njia. Kwa hiyo wikio ni hati ya ndoa na ya undugu, iliyoandikwa kwa mawe.

Lakini wikio linaegemea kuta mbili. Ukuta mmoja ukioza, la pili haliwezi kuliokoa. Hapa pana mafunzo kwa wahifadhi. Uingereza, ambako sheria ya mwaka 1947 iliweka msingi wa kuorodhesha majengo ya kihistoria, nyumba mbili zilizojengwa kwa pamoja mara nyingi huandikwa kama kitu kimoja, na ulinzi huo hufika hata ndani ya vyumba. Mji wa kale wa Lamu ulitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1986, na mwaka 2001 ukaingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Ni jambo jema, kwa kuwa kilicholindwa ni mji mzima pamoja na njia zake, wala si jengo moja moja.

Nasi wa Gisenyi tunayo sababu ya kulitafakari jambo hili. Mwezi Mei 2021, baada ya mlima Nyiragongo kulipuka, matetemeko yalipasua nyumba nyingi za mji wetu kwa muda wa siku chache. Ukuta uliopasuka huweza kujengwa upya. Bali jina la sehemu ya nyumba, likisahauliwa na wazee, halina fundi wa kulirudisha. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda, na wanafunzi wetu wana haki ya kukitumia kutaja vitu vyao wenyewe. Tunapendekeza kila mwalimu awatume wanafunzi kwa wazee wa mtaa, wachore nyumba moja ya zamani, waandike jina la kila sehemu kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili kinachosemwa hapa, kisha wailinganishe na nyumba ya Lamu. Pale watakapokosa neno la Kiswahili, waliandike la Kinyarwanda kama tulivyoandika amakoro. Watu wa Lamu nao hawakungoja kamusi ndipo wayape majina madaka yao.