Malale, Slaidi na Kipimo cha Haraka

Malale yalipoenea kandokando ya Ziwa Tanganyika mwanzoni mwa karne ya 20, madaktari wa Kijerumani walikumbana na shida inayoikumba kila maabara wakati wa mlipuko: watu wengi, hadubini chache. Wakategemea vidole. Msaidizi alipita vijijini akibonyeza watu shingo. Aliyevimba tezi ndiye aliyechomwa sindano, na maji ya tezi yakatazamwa kwa hadubini. Huko Kiziba, upande wa Bukoba, wenyeji ndio walioajiriwa kwa kazi hiyo. Muda mwingi uliokolewa. Lakini mwenye vimelea ambaye shingo yake haikuvimba alirudi shambani akihesabiwa mzima.

Wafaransa nchini Kameruni walishika njia nyingine. Eugène Jamot, aliyekabidhiwa kampeni ya huko mwaka 1926, aliigawa kazi. Huyu anaandika majina, yule anashika shingo, mwingine anatoa damu, kundi zima limeinamia hadubini, na wa mwisho anachoma dawa. Kwangu mimi huu ndio utaratibu bora, maana uliongeza macho ya kutazama badala ya kupunguza watu wa kutazamwa. Hata hivyo nao uliponzwa na haraka: huko Bafia dozi ya tripasamidi iliongezwa maradufu na mamia ya wagonjwa wakapofuka. Kabla yao, Mjerumani Robert Koch alipotibu kwa atoksili visiwani Ssese, Uganda, mwaka 1906 na 1907, wagonjwa 22 walipofuka. Pande zote mbili kazi ilikimbia kuliko ukaguzi.

Maabara zetu za leo mkoani Kigoma zimerithi shida ileile. Itazame slaidi ya malaria. Mtaalamu anapaka tone nene, analiacha likauke, analitia rangi ya jimsa, anaosha, anadondosha mafuta, kisha anapitia eneo moja baada ya jingine chini ya lenzi. Kabla ya kuandika kwamba hakuna vimelea, anatakiwa awe amepitia maeneo yasiyopungua 100. Foleni ikifika mlangoni, kishawishi cha kuishia katikati ni kikubwa, na karatasi ya majibu haionyeshi aliishia wapi.

Ndiyo maana MRDT, kipimo cha haraka, ilipokewa kwa furaha: tone la damu ya kidole, na majibu kwa takriban dakika 20. Imeokoa wengi na siidharau hata kidogo. Ila MRDT hutafuta malaria tu. Msomaji wa slaidi aliyekuwa akitafuta malaria aliweza kukuta tripanosoma, kimelea cha malale, imejipinda kati ya chembe za damu, na wapo wagonjwa wa malale waliogunduliwa kwa bahati ya namna hiyo. Nao ugonjwa huu, wa aina ya Afrika Mashariki, umewahi kuripotiwa Kasulu na Kibondo. Kila slaidi tunayoiacha kwa sababu ya wingi wa kazi inaondoka na bahati hiyo. Upungufu huo hauonekani katika takwimu zozote za malaria.

Mlipuko ukija, viongozi huuliza ni wangapi wamepimwa. Ni haki kuuliza, lakini haitoshi. Nawaomba wasimamizi wa hospitali na vituo vya afya vya Kasulu, Kibondo na Uvinza: MRDT ikisema hakuna malaria na homa haikatiki, agizeni slaidi, na mpeni mtaalamu muda wa kuimaliza.