Jemadari Slim na Bonde la Kabaw

William Slim, ambaye mwisho wa safari yake alivaa cheo cha juu kabisa katika jeshi la Uingereza, alizaliwa Bristol mwaka 1891, mwana wa mfanyabiashara asiyebahatika, na kabla ya kushika bunduki alikuwa mwalimu wa watoto wa mafukara, kisha karani wa kampuni ya chuma. Na ukarani huo, kwa rai yangu, ulimfaa vitani kuliko upanga.

Alijeruhiwa Gallipoli mwaka 1915, akahamia jeshi la Bara Hindi, na mwezi Novemba 1940 akaitwaa ngome ya Gallabat, mpakani mwa Sudan na Uhabeshi, asiweze kuishika. Baadaye aliandika waziwazi kwamba siku ile aliifuata njia ya tahadhari ilhali ya ujasiri ndiyo iliyokuwa sawa, ungamo adimu kwa majemadari, ambao aghalabu taksiri zao huwatwika wadogo wao au mvua.

Alipokabidhiwa mwaka 1943 Jeshi la 14, lililokabiliana na Wajapani, baada ya kurudi nyuma mbele yao kutoka Burma mwendo wa maili zipatazo 900, alikuta kwamba kwa kila majeruhi mmoja aliyeondolewa vitani, wagonjwa waliondolewa 120, wengi kwa malaria. Basi akaamuru vikosi vikaguliwe kwa ghafula, mtu kwa mtu, na pasipothibitika kwamba asilimia 95 wamemeza vidonge vyao vya kukinga malaria, kamanda aliuzuliwa. Wakauzuliwa watatu, waliobaki wakafahamu.

Amri hiyo ilipata mtihani wake katika bonde la Kabaw huko Burma, mashuhuri kwa homa, ambamo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye alama ya kichwa cha kifaru, ilitumwa mwaka 1944 kuwaandama Wajapani. Askari wa Keya, yaani King's African Rifles, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland waliteremka katika mvua isiyokatika, magari yakizama topeni na chakula kikidondoshwa kwa ndege, hata mwezi Disemba wakaingia Kalewa, na kwa daraja lililotandikwa hapo juu ya mto Chindwin jeshi likavuka kuiendea Mandalay.

Slim alifanywa mkuu wa jeshi lote la Uingereza mwaka 1948, kisha Gavana Mkuu wa Australia, akafariki mwaka 1970. Ama askari wale wa Keya, huko Kenya mashamba ya nyanda za juu yaliyotengwa kwa wanajeshi waliotoka vitani walipewa Wazungu, si wao.