Abunuwasi Alikuwa Mtu wa Kweli

Hapa Kanyakine anko wangu ana jina lake la kuniita: Abunuwasi. Alianza mwaka ule nilioacha chuo, karo ilipokwama nikarudi nyumbani na laptopu. "Abunuwasi amefika," anasema nikiingia hotelini, na watu wa chai na mandazi wote wanacheka. Maana yake naijua: kijana wa maneno mengi, kazi hana.

Basi nikaamua kumchimba huyu msee. Unamkumbuka, si ndiyo? Anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kasufuria kadogo ndani, ati imezaa. Jirani anafurahi. Mara ya pili hairudishi, ati imekufa. Na kama ulikubali sufuria huzaa, utakataaje kwamba hufa? (Neno lenyewe sufuria lina asili ya Kiarabu, lilihusu shaba. Hizi za alumini za sokoni zimerithi jina tu.)

Nilidhani ametungwa, kama sungura wa hadithi za cucu. Kumbe Abu Nuwas aliishi kweli! Alikuwa mshairi wa karne ya 8, mzaliwa wa Ahwaz, Iran ya leo, mama yake Mwajemi. Jina lake halisi ni al-Hasan ibn Hani. Abu Nuwas ni jina la utani, linahusu nywele zake zilizoning'inia. Akaenda Baghdad enzi za Harun al-Rashid, aliyekuwa khalifa kuanzia 786 hadi 809, akawa maarufu kwa mashairi ya divai, na inasemekana yakamfikisha hadi jela. Kazi nyingine ya maana sijaiona. Maneno tu.

Sasa ile sufuria? Si yake. Kisa hicho Waturuki wanampa Nasreddin, Waarabu wanampa Juha. Lakini Elfu Lela Ulela ilikuwa imeshamketisha Abu Nuwas kando ya Harun, na pwani yetu ikamtwika vituko vya wenzake wote. Hata Indonesia wanaye, mjanja vilevile. Na maskini Juha, kwetu jina lake likabaki neno la kumwita mtu mpumbavu. Wale waliosoma Taifa Leo wanamjua Juha Kalulu wa Edward Gitau. Hiyo kwangu ni dhuluma, maana kwao huyo Juha ndiye aliyemshinda jirani.

Mwaka 1935 Macmillan walichapa Hekaya za Abunuwas, ndiyo maana watoto wa bara kama sisi tukamjua bila kuona bahari. Mwaka 1976 wataalamu wa nyota wakaipa kreta moja ya sayari ya Utaridi jina lake, upana wake zaidi ya kilomita 100.

Hayo yote nilimwambia anko, hotelini, mbele ya watu. Akasikiliza mpaka chai ikapoa.

"Na huyo mshairi alikuwa analipwa?"

"Wakubwa wa Baghdad walikuwa wanamlipa, anko."

"Wako wanalipa lini?"

Nikaangalia simu. Makala ya mwezi uliopita, bado. Akacheka, akamwita mhudumu, akalipa chai yangu na mandazi mawili.