Jua la Jioni Lililotoka Mashariki

Mombasa jua halitui baharini. Huchomoza huko, upande wa Nyali, na jioni likatua bara, nyuma ya Changamwe na vilima vya Mazeras. Anayetaka kuliona likizama majini na avuke mpaka Unguja akae Forodhani, kwa kuwa Mji Mkongwe umeelekea magharibi. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za watu wa makamo hapa kwetu utaikuta picha ya aina moja, ama ukutani ama ndani ya albamu: bahari imetulia, jua liko chini kabisa, na mbele yake wamesimama watu wawili watatu weusi tititi. Mvuvi na kasia lake, mama na mtoto, vijana juu ya mwamba. Picha yote ni ya kahawia iliyoiva. Muulize mwenyewe, atakwambia, "Hiyo ni magharibi, pale Nyali." Pale Nyali hapana magharibi ya namna hiyo. Ile ni asubuhi, saa kumi na mbili unusu, na kilichoifanya ikawa jioni ni dawa iliyokuwa ndani ya trei.

Nasema hivyo kwa kuwa dawa yenyewe nimeichanganya kwa mikono yangu. Miaka ya 1970 nilikuwa kijana wa chumba cha giza katika studio ya ami yangu, karibu na Makadara. Kazi ya wateja wa kila siku ilikuwa picha za pasi na za harusi. Picha za bahari tulizifanya kwa ajili ya kuuza: watalii walizinunua, mabaharia walizinunua, na watu wetu wenyewe waliokuwa wakienda Uarabuni kutafuta kazi walizichukua wakaziweka masandukuni. Wote walitaka jioni. Sijawahi kumsikia mteja akiomba macheo.

Picha ya rangi mbili, nyeusi na nyeupe, haina saa. Jua likiwa chini upande wa mashariki au wa magharibi, filamu hulichukua vilevile, na atakayeitazama hana dalili yoyote ya kumwambia kama watu wale wanakwenda kazini au wanarudi. Saa huingia baadaye, karatasi ikishakauka, fundi akiamua aigeuze rangi gani. Ami alikuwa akidhani ujanja huo ni wa mafundi wa pwani. Nilipokuja kusoma habari za mwanzo wa fani hii nikakuta kwamba ni wa zamani karibu sawa na fani yenyewe, na bingwa wake wa kwanza wa baharini alikuwa Mfaransa, Gustave Le Gray.

Le Gray alisomea uchoraji kabla ya kushika kamera. Mwaka 1856 alikwenda pwani ya Normandy, mwaka uliofuata akashuka Sète, kwenye Bahari ya Kati, na kutoka safari hizo akatoa picha za bahari zilizowashangaza watu wa Paris na London. Shida ya zama zake ilikuwa hii: vioo vya kolodioni walivyotumia viliona zaidi mwanga wa bluu. Ukikaa muda wa kutosha kuipata ardhi, mbingu huungua ikawa nyeupe tupu, bila wingu hata moja. Ukiharakisha ili upate mawingu, kila kilicho chini huwa cheusi. Mara nyingine Le Gray alikwepa kwa kupiga vioo viwili, kimoja cha mbingu na kimoja cha bahari, akaviunganisha kwenye mstari wa upeo. Katika ile picha yake ya wimbi kubwa la Sète, ukiangalia kwa makini mstari huo unaona mahali pa maungio. Lakini picha ninayoipenda mimi ni ile ya jahazi peke yake baharini, ya 1856, ambayo aliipata kwa kioo kimoja. Alielekeza kamera kwenye jua lililojificha nyuma ya mawingu, akafungua kwa muda mfupi sana, na jahazi likatoka jeusi juu ya maji yanayometa. Watu waliisifu kuwa ni picha ya mbalamwezi, na kwa jina hilo ikauzwa. Ilipigwa mchana.

Giza la kioo lilimpa nusu ya usiku ule. Nusu ya pili aliipata kwa dhahabu. Mwaka 1840 mwanasayansi Hippolyte Fizeau alikuwa ameshaonyesha kwamba sahani za Daguerre, zile za picha za mwanzo, zikipitishwa kwenye maji yenye chumvi ya dhahabu hupata nguvu na rangi nzuri zaidi. Le Gray akaitumia dhahabu kwenye karatasi, picha zake zikatoka za zambarau nzito, nyingine za kahawia inayokaribia weusi. Mwenyewe hakufaidika sana na sifa hizo. Madeni yalimkimbiza Paris mwaka 1860, akaondoka na mwandishi Alexandre Dumas kwa merikebu, wakaachana njiani, na maisha yake yakaishia Cairo, alikofariki mwaka 1884.

Karatasi ya ute wa yai iliyotawala nusu ya pili ya karne ya 19 ililazimisha dhahabu iwe desturi ya kila studio, kwa sababu bila hiyo picha hutoka na wekundu usiopendeza kama kutu. Picha za Unguja za wakati huo, za A. C. Gomes na Wagoa wenzake waliofungua studio Mji Mkongwe, zina ule urujuani wa dhahabu kwenye sehemu nzito, na unjano kwenye sehemu nyeupe, kwani ute wa yai nao huzeeka. Hapo ndipo picha za bahari ya kwetu zilipoanza kuuzwa kwa wageni. Kisha zikaja postikadi. Picha iliondoka hapa nyeusi na nyeupe, ikapelekwa kwa wachapaji wa Ulaya, wengi wao Wajerumani, wakaitia rangi kwa kubahatisha. Nimeona machweo ya postikadi yenye waridi ambalo mbingu ya Unguja haijawahi kulivaa.

Kina Oza wa Capital Art Studio, iliyofunguliwa Unguja mwaka 1930, na N. V. Parekh aliyeanza Mombasa mwaka 1942, walikuta karatasi nyingine, ya bromidi, inayotoka nyeusi safi. Kwa karatasi hiyo ukahawia haukuwa tena lazima, ulikuwa hiari ya mteja, na hiari hulipiwa. Dawa ilibadilika pia. Dhahabu ilikuwa ghali, salfa ilikuwa rahisi.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Picha iliyokwisha safishwa na kuoshwa vizuri unaitia kwenye trei ya kwanza, yenye potasiamu ferisianidi na potasiamu bromidi, maji ya njano kama ya manjano ya pilau. Mle picha inaanza kutoweka. Unaitazama inakwenda mbele ya macho yako: kwanza mbingu, kisha mawimbi, mwisho kabisa ndiyo weusi, mpaka kinabaki kivuli hafifu cha rangi ya udongo. Mara ya kwanza unadhani umeharibu mali ya watu. Unaiosha mpaka unjano umalizike, ndipo unaitia trei ya pili, ya sodiamu salfaidi. Hapo hurudi kwa ghafla, sekunde chache tu, lakini hairudi nyeusi. Fedha iliyokuwa ndani ya karatasi imeshikana na salfa, na rangi ya mchanganyiko huo ni kahawia.

Salfaidi inanuka mayai viza. Mvuke wake tena huharibu karatasi na filamu ambazo hazijatumika, kwa hiyo kazi hiyo haikufanywa chumba cha giza kamwe. Tuliifanya uani, mchana kweupe, na majirani walikuwa wakitujua siku za kugeuza rangi kabla hatujafungua mlango. Mama mmoja wa nyumba ya pili alikuwa akipaza sauti juu ya ukuta, "Enyi wa picha, leo mnapika nini tena?" Ami humjibu kwa adabu zote, "Tuwie radhi dada, twapika magharibi."

Sasa nitakuonyesha kilichozifanya picha za watu weusi kuwa maalumu, maana hapa ndipo ufundi ulipo. Nimesema trei ya kwanza hula mbingu mwanzo na weusi mwisho. Fundi mwenye haraka huacha picha ikaliwa yote, akapata kahawia moja kutoka juu mpaka chini, na watu wake wakawa wa rangi ya chai. Ami hakukubali. Yeye aliitoa picha ikiwa mbingu imekwisha kwenda lakini vile viwiliwili bado vimesimama, akaikimbiza kwenye maji. Salfaidi ikigusa, mbingu na maji vinakuwa kahawia ya dhahabu, na watu wanabaki na weusi wao wa asili, mkali, wa baridi kidogo. Rangi mbili kwa karatasi moja. Macho husoma tofauti ile kuwa ni joto la jua na ubaridi wa kiumbe aliyelipa jua mgongo. Kuna seleniamu ambayo hufanya kinyume, huanza na weusi, na mara chache tulipoipata tuliitumia kuutia ule weusi kina. Pia picha ya kahawia ukiipitisha kwenye dhahabu huwa nyekundu ya machungwa. Hiyo nimeiona kwa macho mara moja tu, ami alipomfanyia nahodha mmoja wa Kihindi aliyelipa bila kuuliza bei.

Weusi huo nao ulihitaji maandalizi pwani kabla ya trei yoyote. Mtu akiwa kivuli hana uso, basi umbo lake ndilo lote ulilo nalo. Ami aliwasimamisha watu upande, si kwa kuelekea kamera. Mkono utengane na kiwiliwili, mwanga upite katikati, la sivyo unapata gogo. Kanzu ilimpendeza siku ya upepo. Buibui lilimsumbua, kwa kuwa mama watatu wenye mabuibui wakisimama pamoja huwa mwamba mmoja, basi aliwatawanya. Aliangalia maji pia. Siku za bamvua huku kwetu maji hujaa alasiri na alfajiri, na jua likiwa chini hayajapwa ya kutosha. Yeye alipendelea maji mafu, watu wakiweza kusimama kwenye mchanga uliolowa na kila mmoja kuwa na kivuli chake chini ya miguu.

Mafundi wengine walikwenda mbali zaidi. Marehemu Omar Said Bakor wa Lamu alisifika kwa kukata na kuunganisha picha, mtu akatokea mahali ambapo hakuwahi kukanyaga. Wako wanaoona hayo ni mzaha wa studio. Mimi naona ni kazi ya Le Gray na vioo vyake viwili, isipokuwa Bakor hakutaka kuficha maungio.

Bluu niipitie haraka, kwa sababu siipendi. Kulikuwa na dawa ya chuma iliyogeuza picha kuwa bluu, rangi ileile aliyoifungulia njia John Herschel mwaka 1842 alipovumbua picha za bluu za chumvi za chuma. Picha moja ya asubuhi, ukiitia salfaidi ni machweo, ukiitia chuma ni mbalamwezi, na kwenye kioo cha duka zilining'inizwa bega kwa bega, watu walewale, jahazi lilelile. Wateja hawakuona, au waliona wakanyamaza. Tatizo la bluu lilikuwa maji. Visima vyetu vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji yake ni mazito kwa chokaa, na bluu hiyo haipatani na chokaa: ukiiosha muda mrefu inakufa mikononi. Tulitia siki kidogo. Hata hivyo nyingi zilipauka baada ya miaka michache.

Zile za kahawia zimebaki. Si bahati. Fedha tupu kwenye karatasi hushambuliwa na hewa ya pwani, unyevu na moshi wa jikoni. Pembeni huanza kung'aa kama kioo, kisha weusi unageuka unjano. Fedha iliyokwisha shikana na salfa imeshatulia, hewa haina la kuifanya zaidi. Kwa hiyo ile jioni ya uongo imeishi kuliko picha nyingi za kweli za pasi na harusi tulizozikabidhi siku ileile. Baadaye zikaja filamu za rangi, nazo zikaimaliza biashara yetu, na nyingi kati ya picha hizo za rangi leo zimekuwa nyekundu, sura zimefifia. Mwaka 2005 Kodak walitangaza kwamba hawatengenezi tena karatasi ya picha nyeusi na nyeupe. Studio ya ami ilikuwa imeshakuwa duka la vitambaa.

Vijana sasa wanabonyeza simu, picha inakuwa ya kahawia, wanasema imekuwa ya kizamani. Sina ugomvi nao. Nina ombi kwa wale ambao picha zenyewe bado ziko nyumbani. Msizitie plastiki ya moto kwa mashine, na msizitundike mbele ya dirisha. Na kwa kuwa watu wake hawana sura, na waliokuwa wakiwajua kwa umbo la bega na namna ya kusimama wanapungua kila mwaka, muulizeni mzee aliyebaki ni nani yule mwenye kasia na ni nani yule mama aliyeshika mtoto, mwandike jina nyuma ya picha kwa penseli, si kwa kalamu ya wino. Wino hupenya karatasi.