Mjamzito, Mizani na Vidonge: Ushauri wa Jadi na wa Hospitali

Mwanamke wa kwetu akishika mimba hupata washauri kabla hajapata kadi ya kliniki. Mama mkwe humkataza mayai, mtoto asije akazaliwa na kipara. Shangazi humwonya asile sana, mtoto asije akawa mkubwa akashindwa kutoka. Jirani humletea mizizi ya kuchemsha. Akifika kliniki, nesi humpandisha kwenye mizani, humpa vidonge vya kuongeza damu na kumhimiza ale mayai. Akithubutu kuuliza kuhusu ile mizizi, huenda akakaripiwa.

Tumezoea kuyagawa maneno haya mafungu mawili, mila upande huu na sayansi upande ule, kisha tukachagua upande wa kuutetea. Nikizilinganisha jadi hizi mbili naona zimezaliwa na hofu moja na zimewahi kukosea kwa namna inayofanana. Tofauti kubwa iko katika swali hili: ushauri ukishindwa, nani hulaumiwa?

Tuanze na chakula. Jamii nyingi za Afrika Mashariki zimewawekea wajawazito miiko. Sababu zinazotajwa ni nyingi, lakini chini ya kadhaa kati ya hizo upo woga wa uzazi kukwama. Bibi aliyezalisha kijijini, bila chumba cha upasuaji, bila gari, bila damu ya kuongezea, alijua mtoto mkubwa katika nyonga nyembamba maana yake nini: uchungu wa siku kadhaa, mtoto kufia tumboni, mama kubaki na fistula au kupoteza maisha. Kumpunguzia mjamzito chakula kulikuwa jaribio la kumwokoa kwa njia aliyokuwa nayo. Woga huo haujaisha. Hata leo wapo wanawake wanaoacha vidonge vya kuongeza damu wakiamini vitamkuza mtoto kupita kiasi.

Hofu hiyo hiyo ilikuwapo Ulaya. Mwaka 1889 daktari Ludwig Prochownick wa Hamburg, Ujerumani, alitangaza mlo maalumu kwa wajawazito wenye nyonga zilizobana, tatizo lililotokana mara nyingi na ugonjwa wa matege utotoni. Kujifungua kwa upasuaji wakati ule kulikuwa hatari kubwa. Kwa hiyo aliwaagiza, katika wiki za mwisho, wapunguze vyakula vya wanga na vinywaji ili mtoto azaliwe mdogo. Lengo lake na la bibi wa kijijini lilikuwa moja.

Kisha wazo la kumbana mjamzito kwenye chakula likaenea hata kwa wanawake wasio na kasoro ya nyonga. Katika miaka ya 1950 na 1960 madaktari wengi wa Marekani waliwataka wajawazito wasiongezeke zaidi ya kilo 7 hadi 9, wakiamini hiyo ni kinga ya kifafa cha mimba. Aliyezidisha aliagizwa aache chumvi, akapewa vidonge vya kukojoza, na wengine wakapewa amfetamini ili wakose hamu ya kula. Ushauri huo ulitoka kwa wataalamu wenye shahada, na ulikuwa na makosa.

Ulirekebishwa kwa hesabu. Majira ya baridi ya mwaka 1944 hadi 1945, Uholanzi ikiwa chini ya Wajerumani, chakula kilikatwa hadi watu wa miji ya magharibi wakaishi kwa chini ya kalori 1,000 kwa siku. Kumbukumbu za uzazi zilionyesha kwamba waliokumbwa na njaa katika miezi ya mwisho ya mimba walizaa watoto wadogo zaidi. Ushahidi wa aina hii ulipokusanyika, mwaka 1970 kamati ya Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani ilipendekeza ongezeko la wastani wa kilo 11 hivi. Mwaka 2009 wataalamu wa nchi hiyo walitoa viwango kulingana na uzito ambao mwanamke alikuwa nao kabla ya mimba: kilo 12.5 hadi 18 kwa aliyekonda, 11.5 hadi 16 kwa mwenye uzito wa kawaida, 7 hadi 11.5 kwa aliyezidi kiasi, na 5 hadi 9 kwa mnene sana.

Tuwachukue wanawake wawili wenye urefu wa sentimita 160. Mmoja ameshika mimba akiwa na kilo 60, mwingine akiwa na kilo 80. Wa kwanza anatarajiwa kuongezeka kilo 11.5 hadi 16, wa pili kilo 5 hadi 9. Wote wawili wakiongezeka kilo 10, wa kwanza yuko pungufu kidogo na wa pili amezidi kidogo. Anayewaambia wote wawili "mmenenepa sana" au "mmepungua" bila kujua walikoanzia hajawashauri. Na wanawake wengi wa kwetu huanza kliniki mwezi wa nne au wa tano, baadhi kwa sababu mila inawataka wafiche mimba changa wasipatwe na kijicho. Uzito wa mwanzo haukuandikwa popote. Hapo jadi moja imeinyima nyingine kipimo ilichokihitaji.

Unene wenyewe usipuuzwe. Huongeza uwezekano wa kisukari cha mimba na shinikizo la damu. Lakini mimba si wakati wa kujinyima ili kukonda. Ni wakati wa kula vizuri na kupimwa. Na uzito ukipanda ghafla, pamoja na uso na mikono kuvimba, kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu, jambo hilo lisisubiri siku ya kliniki. Hizo ni dalili za hatari, na mama apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Upande wa dawa mambo ni mazito zaidi, kwa sababu kosa halirudishwi nyuma. Mizizi ya jirani ina shida mbili: haina kipimo, na haina mtu anayefuatilia waliokunywa. Ipo mitishamba inayotumika kuharakisha uchungu ambayo hukaza mfuko wa uzazi kwa nguvu, na mtoto akachoka au mfuko ukapasuka. Yakitokea hayo, mara nyingi mizizi haishtakiwi. Katika baadhi ya jamii zetu, uchungu ukichelewa mama huambiwa aungame: alitoka nje ya ndoa na nani? Dawa inabaki safi, mwanamke anachafuka. Hapa ndipo jadi yetu inapojifunga isijifunze, kwa maana dawa isiyolaumiwa haiwezi kurekebishwa.

Lakini dawa ya kiwandani nayo ina historia ya kuogofya. Mwaka 1957 thalidomide ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi kama dawa ya usingizi isiyo na madhara, na wajawazito wakaitumia kwa kichefuchefu. Zaidi ya watoto 10,000 duniani walizaliwa na kasoro, wengi wakiwa na mikono na miguu mifupi mno. Daktari wa watoto Widukind Lenz, huko huko Hamburg, aliwaendea akina mama akawauliza walikuwa wamemeza nini. Majibu yao yalimfikisha kwenye kidonge kile, na Novemba 1961 kikaondolewa sokoni nchini humo. Jibu walikuwa nalo akina mama wenyewe. Lilikuwa likimngoja wa kuuliza.

Afrika nayo ina mfano wake, na ni wa heshima. Mwezi Mei 2018 utafiti wa Botswana uitwao Tsepamo ulitoa tahadhari kuhusu dolutegravir, dawa ya virusi vya Ukimwi. Kati ya wanawake 426 walioshika mimba wakiwa tayari wanaitumia, watoto 4 walikuwa na kasoro za ubongo au uti wa mgongo. Nchi kadhaa zikawazuia wanawake wa umri wa kuzaa wasipewe. Julai mwaka huo wanawake 39 wanaoishi na virusi, kutoka nchi 18 za Afrika, walikutana Kigali, Rwanda, wakadai wapewe taarifa zote na haki ya kuchagua, badala ya kunyimwa dawa bora kwa sababu tu wana uwezo wa kuzaa. Botswana iliendelea kuhesabu, wakunga wa hospitali wakimkagua kila mtoto aliyezaliwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza dawa hiyo kwa wote, wanawake wakiwemo. Baadaye, hesabu ilipovuka mimba 9,000, dawa hiyo haikuonekana tena kuongeza kasoro hizo.

Sayansi haikushinda kwa kutokosea. Ilishinda pale ilipouliza wanawake, ikahesabu, ikakubali kubadilika. Na inashindwa pale inapoiga kosa la kumtaka mama aungame. Mama akieleza kwamba vidonge vya kuongeza damu vinamtia kichefuchefu na choo kimekuwa cheusi, kisha akaambiwa "wewe mama ni mkaidi", ataitikia "ndiyo nesi" na vidonge vitabaki kabatini. Angeambiwa kwamba choo cheusi ni kawaida, na kwamba akimeza usiku baada ya kula kichefuchefu hupungua, huenda angeendelea.

Basi nina maneno kwa watu watatu. Kwako dada uliye mjamzito: mficha uchi hazai. Mtajie nesi kila unachomeza, mizizi, udongo, dawa ya maumivu ya dukani na dawa yako ya siku zote. Usiache dawa ya kifafa, ya presha au ya virusi kwa kusikia maneno. Nyingine hubadilishwa, lakini abadilishe daktari, kwa kuwa kuacha ghafla kunaweza kuwa hatari kuliko dawa yenyewe. Ukipewa ushauri uliza sababu yake, na uliza utajuaje kama ushauri huo haufanyi kazi.

Kwenu mama zetu, makungwi na wakunga wa jadi: mnacho ambacho hospitali haina, yaani muda, ukaribu na mkono wa kumshika mzazi. Msaidieni mwali aende kliniki mapema, mwacheni ale mayai, na mizizi ya kuharakisha uchungu iwekeni kando.

Kwenu manesi na madaktari: kazi yenu ni ngumu na foleni ni ndefu, nalijua hilo. Lakini swali la "mama, nyumbani unatumia nini?" halichukui dakika moja. Liulizeni bila ukali, na jibu mliandike kwenye kadi.