Madaftari ya Bi. Burnside

Miaka yote niliyopima watoto kliniki hapa Kilifi, neno nililoliandika kuliko yote baada ya uzito ni "kifua". Kifua na homa, kifua na kutapika, kifua tupu. Wiki mbili baadaye mtoto yuleyule analetwa akicheka, tunamhesabu amepona.

Aliyenifundisha kulitilia shaka neno "amepona" ni Mwingereza niliyemsoma tu, Ethel Margaret Burnside, muuguzi mkuu wa afya na msimamizi wa wakunga wa kaunti ya Hertfordshire. Vita vya Makaburu vilikuwa vimeitia Uingereza aibu, kwa maana vijana wengi waliojitolea kupigana walikutwa dhaifu mno. Ndipo Burnside akaanzisha utaratibu wake: kuanzia mwaka 1911, kila mtoto wa kaunti ile alipimwa na mkunga akizaliwa, kisha muuguzi akamtembelea nyumbani mwaka mzima, akiandika alivyonyonya, alivyoachishwa na alivyougua: bronkaitisi, nimonia, kifaduro. Akitimiza mwaka alipimwa tena, na yote yakanakiliwa kwenye madaftari makubwa. Utaratibu huo ulidumu hadi 1948.

Virusi hawakuvijua. Kirusi kinachoitwa RSV, ambacho leo ndicho kinachowalaza hospitalini watoto wengi wachanga, kilionekana kwanza mwaka 1956 kwa sokwe wenye mafua katika maabara ya Marekani, na punde mtafiti Robert Chanock akakipata kwa watoto wa Baltimore. Lakini mbavu zinazoingia ndani mtoto akivuta pumzi huhitaji macho tu, na macho wauguzi wale walikuwa nayo.

Madaftari yakalala hadi mtafiti David Barker na wenzake wa Southampton walipoyafungua, wakawatafuta wanaume waliokuwa wachanga ndani yake. Matokeo yalitoka 1991. Waliopimwa kifua walikuwa 825, wenye umri wa kati ya miaka 59 na 70. Aliyeugua bronkaitisi au nimonia kabla ya kutimiza mwaka alipuliza, katika sekunde moja ya nguvu, kwa wastani lita 0.17 pungufu kuliko mwenzake asiyeugua, awe mvutaji sigara au asiwe. Miaka sitini, na kifua bado kinakumbuka!

Wapo waliopinga, na hoja yao ina uzito. Huko Tucson, Arizona, watoto walipimwa mapafu kabla hawajaugua hata mara moja, ikaonekana kwamba waliozaliwa na njia nyembamba za hewa ndio waliokuja kulia kifua. Huenda basi kirusi hukuta nyumba yenye ufa tayari. Mimi naona yote mawili ni kweli: mapafu ya mtoto wa chini ya miaka miwili bado yanajengwa, na virusi vingine, hasa adenovirusi, huacha makovu yanayoziba vijia vya hewa moja kwa moja. Mwaka 2023, utafiti uliowafuata Waingereza waliozaliwa 1946 ulionyesha kuwa waliougua mapafu kabla ya miaka miwili walikaribia maradufu hatari ya kufa kwa maradhi ya kupumua kabla ya miaka 73. Asilimia 2 dhidi ya 1. Si tishio kwa kila mtoto, lakini si bure.

Kwa hiyo mama, chanjo zikiisha usikitupe kijitabu cha kliniki. Nimonia ikimpata mwanao, mwambie muuguzi aiandike humo pamoja na tarehe, nawe ukiweke pamoja na cheti chake cha kuzaliwa.